Amri Zinazopitia Mkononi mwa Mpangaji

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kuanzia nyumba za Kaloleni za enzi ya ukoloni hadi maghorofa ya Umoja na Kayole, tarakimu 20 za tokeni ya stima huchukuliwa kama risiti: umelipa kwa M-Pesa, umetumiwa namba, umeibonyeza kwenye mita, taa zimewaka. Dhana hiyo haitoshi. Tokeni ni amri iliyofumbwa, na mpangaji ndiye anayeifikisha. Mita za kulipia kabla zilipoanza kufungwa Kenya mwaka 2009, kazi ya msomaji wa mita ilihamia kwa mteja na kugeuka mwelekeo. Zamani habari zilitoka kwenye mita kwenda kwa kampuni ya umeme. Sasa maagizo hutoka kwa kampuni kwenda kwenye mita.

Ushahidi umo ndani ya namba yenyewe. Mfumo unaoitumia, STS, ulianzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tokeni ya kawaida hubeba kiasi cha umeme, alama ya kutambulisha aina ya agizo, na wakati ilipotolewa, ili iliyokwisha kutumika ikataliwe. Kompyuta zilikuwa zimepita njia hiyo mapema. Katika terminali ya kompyuta ya VT100 ya mwaka 1978, maandishi ya kusomwa na amri za kufuta mstari au kusogeza kishale vilifuata waya mmoja, na alama maalumu ndiyo iliyotangulia amri. Siri ya amri zilizomo kwenye tokeni ilifichuka Eastlands mwaka 2024. Saa ya STS ilihesabu dakika tangu mwanzo wa 1993 katika biti 24, yaani dakika 16,777,216, nafasi ambayo ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo wateja wa Kenya Power waliokuwa wakisasisha mita walipewa namba tatu kwa mpigo. Mbili za kwanza hazikuongeza hata yuniti moja; zilibadili ufunguo wa siri wa mita. Hakuna risiti inayofanya kazi hiyo.

Atakayepinga atasema huu ni utaratibu uliopitwa na wakati, kwamba mita ya mtandao ingejisasisha bila kumsumbua mtu. Ni kweli, lakini mita isiyo na mtandao haikwami mawimbi yanapopotea, wala haihitaji laini ya simu katika kila nyumba. Mwingine atasema mpangaji hahitaji kujua kilichomo, mradi stima irudi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kazi ingebaki kwa kampuni. Lakini akikosea tarakimu moja, au akibonyeza namba bila kufuata mpangilio, giza ni lake. Aliyekabidhiwa kazi ya kufikisha amri anastahili kuelezwa kwa Kiswahili chepesi kila namba inafanya nini, kabla hajaibonyeza.