Waliuza Masta, Wakabaki na Majina: Tabia Zilizowaangusha Mastaa wa Bongo Movie

Kuna sura ambazo miaka ya 2000 ukizitaja tu mtaani, kila mtu anajua unamwongelea nani. Filamu zao zilijaza vibanda umiza, mabango yao yalibandikwa mpaka kwenye saluni. Leo baadhi yao wamebaki na jina tu. Majina hayo hayatatajwa hapa, maana tatizo halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa la kizazi kizima kilichojiajiri kwa kipaji.

Rudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, maigizo ya ITV ndiyo yaliyowatoa wengi. Walikuwa kwenye vikundi: kuna mazoezi, kuna kiongozi, ukichelewa unasemwa. Mwaka 2003 ikatoka filamu ya Girlfriend, watu wakaona kumbe filamu ya Kiswahili inauzika. Taratibu kila mmoja akaanza kujitegemea. Leo yupo lokesheni ya huyu, kesho ya yule. Hana bosi, hana mshahara, anaishi kwa dili. Uhuru mtamu, ila ulikuja na tabia zake.

Ya kwanza ni kuuza masta. Filamu ikiisha inapelekwa kwa msambazaji Kariakoo, mwenye filamu anapewa mkwanja wa mara moja na kuacha haki zote hapo hapo. Nakala zimetoka ngapi, zimeuzwa ngapi, hajui. Kusema ukweli, msambazaji alikuwa na nguvu. Mtandao wa maduka ulikuwa wake, na maharamia walidurufu filamu mapema sana, kwa hiyo kuchukua chako mapema ilionekana ndo ujanja. Lakini wangapi walijaribu hata kuuza kwa miaka mitano tu, halafu haki irudi? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu 1999, na inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mtu akauza kitu cha mpaka wajukuu kwa hela ya kodi ya nyumba.

Ya pili ni kazi bila karatasi. "Sisi washkaji, tutaelewana." Filamu ikiingia sokoni, simu haipokelewi. Utamdai kwa ushahidi gani? Na mastaa wenyewe walipoanza kutengeneza filamu zao, baadhi wakawafanyia chipukizi yale yale waliyofanyiwa wao: nauli, sahani ya wali, na ahadi ya "utatoka tu".

Ya tatu ni kukubali kila dili. Watu wanamsubiri lokesheni tangu saa moja asubuhi, staa anaibuka saa saba mchana, kisingizio foleni. Kumbe katokea kwenye kazi ya mtu mwingine. Filamu zikawa zinarekodiwa kwa siku chache, hadithi moja inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili. Mtazamaji akavumilia, akavumilia, mwisho akahamia kwenye filamu za nje zilizotafsiriwa na madijei.

Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyozilisha hizo nyingine: kuishi kwa sifa. Staa hapandi daladala. Staa harudii nguo. Hela ya filamu ambayo haijarekodiwa inachukuliwa advansi na kuliwa bata. Siku ya kupanga bei anaingia ofisini akiwa tayari anadaiwa na mtu yule yule anayetaka kumuuzia. Mwenye deni hapangi bei. Anapokea anachopewa, anasaini, anaondoka.

Mwaka 2013 stempu za kodi za TRA zikaanza kubandikwa kwenye CD na DVD, na wengi wakaamini wizi ungeisha. Mwaka 2017 baadhi ya wasanii wakaandamana Kariakoo kupinga filamu za nje. Uharamia ulikuwa wa kweli na hasira ilikuwa halali. Lakini DVD yenyewe ilikuwa inakata roho, watu wanahamia kwenye simu. Filamu zile za zamani zikaanza kupandishwa YouTube, na pesa ya matangazo inamfuata mwenye haki. Aliyeuza kila kitu anaiangalia sura yake ya ujana kwenye kioo cha simu, kwa bando lake mwenyewe.

Leo lokesheni zimebadilika, tabia zipo. MC anayefunga tarehe mbili siku moja. Mpiga picha anayekula advansi ya harusi kabla hajapiga hata picha moja. Kijana wa kutengeneza logo anayetuma kazi nzima kabla ya kulipwa. Mhariri wa video anayefanya kazi za washkaji bila makubaliano, halafu analia WhatsApp status.

Dawa yake haina mbwembwe: karatasi hata ya ukurasa mmoja, tarehe moja kazi moja, na akiba kidogo ya kukupa nguvu ya kusema "hapana" kwa bei mbovu.

Haya mdau, ipi kati ya hizi nne inakutafuna wewe? Tiririka hapo chini.