Joseph Pulitzer: Mwenye Gazeti Aliyesomewa Gazeti Lake

Joseph Pulitzer alizaliwa tarehe 10 Aprili 1847 mjini Makó, Hungaria, katika ukoo wa Kiyahudi wa wafanyabiashara wa nafaka. Baba alipofariki mwaka 1858, neema iliondoka nyumbani. Mwaka 1864, akiwa na umri wa miaka 17, kijana huyo alivuka bahari kwenda Marekani, akaandikwa katika kikosi cha askari wa farasi wa upande wa Kaskazini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, alishika njia ya St. Louis, mji uliojaa wahamiaji waliosema Kijerumani. Huko alitunza nyumbu, akahudumia watu mezani, na wakati wa mapumziko akajifungia maktabani kujifunza Kiingereza. Mwaka 1868 gazeti la Kijerumani, Westliche Post, lilimpa kalamu.

Miaka 10 baadaye alinunua mnadani, kwa dola 2,500, gazeti lililofilisika, akaliunganisha na jingine likawa Post-Dispatch. Mwaka 1883 alinunua New York World kwa dola 346,000. Likauzwa senti mbili, kwa lugha nyepesi, vichwa vikubwa na picha, likisomwa na wahamiaji waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama alivyojifunza yeye.

Nguvu ya wasomaji hao ilidhihirika mwaka 1885. Sanamu ya Uhuru, zawadi ya Wafaransa, haikuwa na pa kusimama, maana fedha za kujengea kitako chake zilikuwa zimekwisha na matajiri hawakufungua mikono. Pulitzer aliahidi kuchapisha jina la kila mchangiaji, hata wa senti moja. Katika miezi mitano watu zaidi ya 120,000 walitoa zaidi ya dola 100,000. Shairi ambalo Emma Lazarus, Myahudi wa New York, alilitunga mwaka 1883 kusaidia ujenzi huo huo liliwekwa ndani ya kitako mwaka 1903.

Mafanikio hayakumwepusha na chuki. Mwaka 1887 mwenye gazeti hasimu, Charles Dana, alimshambulia hadharani kwa Uyahudi wake. Mwaka huo huo macho yake yalianza kuzima. Mwaka 1890, alipokuwa akikamilisha jumba refu kuliko yote New York, aliacha chumba cha uhariri. Tangu hapo aliliongoza gazeti kwa sikio: makatibu walimsomea, naye akajibu kwa barua na simu za maandishi kutoka mbali. Kelele ndogo ilimtesa, hata akajijengea vyumba visivyopitisha sauti.

Ama sikio hilo halikusikia kila kitu. Alipoingia William Randolph Hearst na gazeti lake la Journal mwaka 1895, wawili hao walishindana kwa chumvi na uzushi. Na kabla ya vita vya Marekani na Hispania, mwaka 1898, World nalo lilichochea moto. Wakati wa vita hivyo bei waliyotozwa watoto wauza magazeti ilipanda kutoka senti 50 hadi 60 kwa nakala 100. Vita vilikwisha, bei haikushuka. Julai 1899 watoto hao waligoma, na mauzo yakaporomoka. Gazeti la wanyonge likawa limegomewa na wanyonge. Bei ilibaki pale pale, lakini wenye magazeti walikubali kurudishiwa nakala zisizouzwa.

Alipozeeka alirudi kwenye ubora wake. Mwaka 1908 World lilihoji fedha za Mfereji wa Panama. Rais Theodore Roosevelt akataka mwenye gazeti ashitakiwe kwa kashfa. Januari 1911 Mahakama Kuu ilitoa hukumu iliyolipa gazeti ushindi. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo Pulitzer alifariki ndani ya jahazi lake la kifahari, bandarini Charleston, siku ambayo katibu alikuwa akimsomea kwa Kijerumani, lugha ya mwanzo wa kazi yake.

Aliacha fedha za chuo cha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Columbia, na za tuzo zilizoanza kutolewa mwaka 1917. Ushairi haukuwamo katika wasia. Tuzo yake ilianza mwaka 1922. Gazeti la World liliuzwa na kufungwa mwaka 1931. Kitako kilichojengwa kwa senti za wasomaji wake kingali kimebeba sanamu.