Picha za Masasi na Newala Baada ya Vita, 1906

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi akiwa na kamera, mashine ya sinema na chombo cha kunasia sauti katika nta. Hakuwa amekusudia kuja kusini. Machafuko ya nchi za kati ndiyo yaliyomgeuza njia. Akapanda Masasi, kisha Newala, juu ya uwanda wa Makonde.

Masasi ilikwisha kuonja misiba. Makao yake ya misheni yalianza 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliyashambulia na kuchukua mateka. Na mwishoni mwa Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji wakayachoma moto. Weule alifika hata mwaka haujatimia tangu moto huo.

Lakini tazama picha zake. Tunaona wanawake wenye ndonya mdomoni na chale mwilini, mfinyanzi na vyungu vyake, wachezaji wa ngoma za unyago. Asiyejua tarehe angedhani nchi ile ilikuwa imetulia tuli. Si kwamba Weule hakujua habari. Katika kitabu chake cha 1908, ambacho Alice Werner, bingwa wa lugha za Kibantu, alikifasiri kwa Kiingereza mwaka uliofuata, vita vimetajwa waziwazi. Ila alikuja kutafuta mambo ya kale kabla hayajapotea, na vita vilikuwa jambo jipya: havikuwa na nafasi mbele ya kamera yake. Nyuma yake walikuwapo askari wa serikali ya Kidachi waliomsindikiza. Mwanakijiji aliyeombwa acheze ngoma mbele ya mgeni wa namna hiyo, mwaka ule, alikuwa na uhuru gani wa kukataa? Kwa maoni yangu swali hili latangulia kila swali la mila tunalotaka kuziuliza picha hizo.

Sauti zina habari nyingine. Nyimbo alizozinasa zimehifadhiwa Berlin, na humo mwimbaji anatumia maneno yake mwenyewe. Picha huandikiwa maelezo na mpigaji, na mara nyingi Weule ameandika kabila tu, Mmakua au Myao, bila jina la mtu. Wajuzi wa Kiyao, Kimakua na Kimakonde wangeanzia kwenye nyimbo, kisha wazirudie picha.