Dawa Nne na Kura Moja

Mwenye madaraka hujaribiwa kusema: "Moyo wangu waniambia hivi, basi tufanye hivi." Tazameni yaliyotukia kwetu Beni na Butembo.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola. Waganga walikuwa na dawa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Ipi iliyo bora? Wengi waliitumainia ZMapp, iliyojulikana tangu Ebola ya Afrika ya Magharibi mwaka 2014. Lakini tumaini si ushahidi.

Basi mwezi wa Novemba 2018 Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walianza kuzipima Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kila mgonjwa aliyekubali alipata dawa moja kwa kura. Kwa nini kura? Kwa sababu mganga akichagua mwenyewe, pengine dawa aipendayo atampa mwenye nguvu bado, kisha ataisifu bure.

Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, lakini kazi haikukoma. Hata Agosti 2019 wagonjwa 681 walikuwa wameandikwa. Hesabu ikasema wazi: waliopewa ZMapp walikufa karibu nusu, remdesivir, zaidi ya nusu, mAb114 na REGN-EB3, thuluthi moja na kidogo. Mara wagonjwa wote wakapewa hizo mbili za mwisho. Nayo mAb114 asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995!

Nasi tunaoongoza shule, chama au zahanati, tuhesabu kwanza, ndipo tuamue. Moyo mwema usiohesabu waweza kuua.