Tulianzia pa Mizani ya Ndege

Banamemba na wafadhili, tukumbushane kidogo. Mwaka wa 1992 wengi wetu tulifukuzwa hapa Likasi, sababu wazazi wetu walitoka Kasai. Tulilala pa stesheni kungojea treni, tukashuka Mwene-Ditu, halafu kamyo ya mizigo mpaka Mbuji-Mayi.

Huko tukapata kazi ya kwanza: kupakia ndege ndogo za kukodi za wanunuzi wa almasi. Hatukuwa mapiloti, tulikuwa vijana wa mizani. Kila kitu kilipimwa: gunia, mafuta, hata batu. Ndege ya viti sita haisamehe. Na jua la saa sita linafanya hewa kuwa nyepesi. Mzigo uliopanda vizuri asubuhi, mchana unapunguzwa.

Mwisho wa 1993 serikali ilileta zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Kasai ikakataa, ikabaki na noti za zamani. Basi makuta yakasafiri mu magunia, tukayapima kilo kama unga. Siku moja mnunuzi akakataa gunia lake lipimwe. Piloti naye akakataa kuwasha injini: "Ndege haijui mukubwa." Gunia likabaki, nafasi yake ikapewa mama mgonjwa.

Tuliporudi Likasi, tulianza chama na neno lile. Daftari la michango ndiyo mizani yetu: mukubwa na mudogo wote wanaandikwa, na nafasi ya kwanza ni ya mwenye shida zaidi. Anayerudi leo bila nyumba, tusimwache chini.