Taka za Makazi na Taka za Malazi: Historia Fupi ya Istilahi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi msamiati wa taka ulivyobadilika katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kupendekeza istilahi mbili kwa wafasiri na watungaji wa sheria ndogondogo.

Neno la asili ni jaa, yaani mahali pa kutupia taka panapojulikana na mtaa mzima. Katika karne ya 19 ufuko wenyewe ulikuwa jaa. David Livingstone, alipofika Unguja mwaka 1866, alichukizwa na uvundo wake hata akaligeuza jina la mji kuwa la kejeli katika lugha yake. Miaka michache baadaye, mwaka 1869 na 1870, kipindupindu kiliushambulia mji, na daktari James Christie akaandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Hata hivyo, taka za siku hizo zilikuwa maganda, makumbi ya nazi na mifupa ya samaki: vitu vya kuoza. Kwa hayo, neno jaa lilitosha.

Tangu miaka ya 1980 watalii walizidi kuongezeka, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba nyingi za kale ziligeuzwa hoteli na nyumba za wageni. Zikaja chupa za plastiki na makopo, ambavyo haviozi. Mwaka 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Pamoja na vitu hivyo yalienea maneno dampo na taka ngumu. Hili la pili lina kasoro, kwani linajumuisha hata wali uliochacha, ambao hauna ugumu wowote. Mwananchi anayeambiwa atenganishe taka zake hawezi kuongozwa nalo.

Kasoro kubwa zaidi imo katika istilahi taka za majumbani. Je, nyumba ya wageni ni nyumba? Kwa jina, ndiyo. Kwa kazi, ni biashara. Sheria ikinyamaza hapo, mwenye vyumba ishirini vya kupangisha aweza kudai kutozwa ada sawa na mjane wa jirani yake, na mkokoteni unaopita katika vichochoro vile vyembamba hubeba mizigo isiyolingana.

Kwa hiyo twapendekeza taka za makazi kwa zile za wenyeji, na taka za malazi kwa zile za wanaolaza wageni kwa malipo. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili na yanaeleweka bila fasili ndefu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii huondoka kabla ya kupewa jembe. Hatuna budi kumtaja waziwazi katika sheria yule atakayelishika kwa niaba yake.