Alama ya Apgar

Alama ya Apgar ni kipimo cha hali ya mtoto mchanga mara tu anapozaliwa. Ilibuniwa mwaka 1952 na Virginia Apgar (1909–1974), daktari Mmarekani wa usingizi aliyefanya kazi New York katika Chuo Kikuu cha Columbia, na ikachapishwa mwaka 1953. Wakati huo macho ya wengi katika chumba cha kujifungulia yalikuwa kwa mama. Mtoto aliyelegea au kuchelewa kulia aliweza kuachwa bila kuchunguzwa kwa utaratibu.

Mkunga huangalia mambo 5: mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, mwitikio anapoguswa, na rangi ya ngozi. Kila jambo hupewa 0, 1 au 2. Moyo unaopiga zaidi ya mara 100 kwa dakika hupata 2; ukipiga chini ya hapo, 1; usiposikika, 0. Awali mtoto alipimwa dakika 1 baada ya kuzaliwa, baadaye ikaongezwa dakika ya 5. Jumla ya 7 hadi 10 huonyesha hali nzuri.

Rangi ndiyo kipengele dhaifu zaidi. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi ni lazima kutazama midomo, ulimi, viganja na nyayo. Wazazi wengi huogopa alama ndogo bila sababu, kwani haipimi akili wala haitabiri maisha ya mtoto. Na mtoto asiyepumua husaidiwa papo hapo, bila kungoja alama.